Mkonge wa Upare na Kamba ya Propilini

Milima ya Upare imekaa kaskazini-mashariki ya Tanzania, kati ya Kilimanjaro na Usambara. Upande wa magharibi liko bonde la mto Pangani, ambao katika sehemu za juu huitwa Ruvu. Upande wa mashariki ziko nyika za Mkomazi. Upare wa Kaskazini, yaani Ugweno na Usangi, leo umo katika wilaya ya Mwanga. Upare wa Kusini, ambao kilele chake cha Shengena chapita mita 2,400, umo katika wilaya ya Same. Hata mwaka 1979 wilaya hizi mbili zilikuwa wilaya moja. Juu milimani mvua ni za kutosha, na watu hulima migomba, kahawa na tangawizi. Chini, palipo mji wa Same na njia ya reli, nchi ni kavu, na mmea uliostahimili ukavu huo hata ukawa mali kubwa ni mkonge.

Habari za kupanda na kuanguka kwa mkonge zimekwisha kuandikwa mara nyingi, na sababu za kuanguka kwake hutajwa kwa desturi kuwa bei, siasa na ushindani wa Brazili. Sababu ya nne nayo hutajwa, lakini kwa neno moja tu: husemwa kwamba zilikuja kamba za nailoni, kisha habari hukoma hapo. Neno hilo lenyewe si sahihi, kwa kuwa kamba iliyoushinda mkonge kwa sehemu kubwa haikuwa ya nailoni bali ya polipropilini. Na nyuma ya kamba hiyo iko historia ndefu ya kemia ambayo haijapata kuelezwa vya kutosha kwa Kiswahili. Makala haya yakusudia kuieleza, na kuonyesha jinsi ilivyofungamana na nchi ya Same.

MMEA NA JINA LAKE

Mkonge wa mashamba si mmea wa asili ya Afrika. Ulitoka Meksiko, na jina lake la Kizungu ni jina la Sisal, bandari ya Yucatán ambako nyuzi zake zilipakiwa merikebuni. Mwaka 1893 Dr. Richard Hindorf, aliyekuwa mtumishi wa kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida kwa njia ya Hamburg. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu, na katika hiyo 62 ndimo ulimotoka mkonge wa mashamba ya kwanza ya nchi hii.

Watu wa pwani hawakuona haja ya kutafuta jina jipya. Walikuwa na mmea wao wa porini wenye nyuzi imara, jamii ya ule ambao wataalamu huuita Sansevieria, nao uliitwa mkonge. Mgeni alipokuja akapewa jina la mwenyeji, hata leo mwenyeji amesahauliwa na wengi. Nyuzi zenyewe ziliitwa katani, neno la Kiarabu ambalo asili yake ni kitani.

Reli ya kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911, ikipita chini ya Milima ya Upare kwa urefu wake wote. Bila reli mkonge haufai kitu, kwa maana jani zito hutoa nyuzi kidogo sana, kama sehemu 4 katika 100 za uzito wake, na nyuzi hizo hazina budi kusafirishwa kwa wingi ndipo zilipe. Tena hautoshi kuwa na reli peke yake. Kiwanda chahitaji maji mengi ya kuoshea. Kwa hiyo mashamba ya Same yalikaa pale ambapo nyika kavu yakutana na maji yashukayo milimani: Makanya upande wa magharibi, na Ndungu upande wa mashariki.

Kazi ya mkonge ilizaa msamiati wake. Mashine ya kuchuna majani iliitwa korona. Wafanya kazi wa mkataba waliotoka mbali waliitwa manamba, kwa sababu ya namba walizopewa, na mwaka 1944 wenye mashamba waliunda shirika lililojulikana kwa jina la SILABU ili kuwakusanya. Siku za kazi zilihesabiwa katika kipande. Maneno hayo yalienea kutoka Tanga hata Kilosa na Lindi, nayo yalisemwa kwa Kiswahili na watu ambao wengi wao hawakuzaliwa na Kiswahili. Yafaa kukumbukwa kwamba shamba la mkonge lilikuwa mojawapo ya shule kubwa za lugha hii katika bara.

KAMBA MPYA

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ilikuwa ndiyo nchi ya kwanza duniani kwa mkonge, na mavuno yake yalikuwa kiasi cha tani 200,000 kwa mwaka. Kilele kilifikiwa mwaka 1964. Sehemu kubwa ya katani hiyo ilisokotwa kuwa kamba za kufungia nyasi kavu na mavuno katika mashamba ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Kwa maneno mengine, riziki ya mkata majani wa Ndungu ilitegemea mkulima wa mbali aliyehitaji kamba ya bei nafuu ya kufungia majani ya ng'ombe wake.

Miaka kumi kabla ya kilele hicho, mwezi wa Machi 1954, Giulio Natta wa Milano alifaulu kuunganisha molekuli za gesi iitwayo propilini zikawa minyororo mirefu iliyopangika vema. Alitumia kichocheo cha namna aliyoigundua Karl Ziegler wa Ujerumani, na mwaka 1963 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Kitu kilichopatikana ni polipropilini. Mwaka 1957 kiwanda cha Ferrara katika Italia kilikuwa kimeanza kuitengeneza kwa biashara. Ilikuwa nyepesi, haikuoza, haikunywa maji, na iliweza kuvutwa ikawa uzi.

Bei ya katani ilianza kushuka baada ya 1964. Si haki kuutwika uzi mpya lawama yote. Brazili iliongeza mkonge wake. Mwaka 1967 Serikali ya Tanzania ilitaifisha sehemu kubwa ya mashamba. Na baadaye upungufu wa vipuli na mitaji uliharibu mengi. Lakini jambo moja la miaka ya 1973 na 1974 laonyesha uzito wa sababu ya nne. Bei ya mafuta ya petroli ilipopanda ghafula duniani, uzi wa polipropilini ukawa ghali, na bei ya katani ikapanda mara moja kwa kiasi kikubwa. Udongo wa Makanya haukubadilika mwaka ule, wala korona zake. Kilichobadilika ni gharama ya propilini. Mafuta yaliporudi kuwa rahisi, neema ile nayo ikaondoka, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 mavuno ya nchi nzima yalikuwa yameshuka hata kukaribia sehemu moja katika kumi ya yale ya zamani.

ASILI YA PROPILINI

Kwa muda mrefu propilini haikuwa na kiwanda chake. Ilikuwa makombo: ilipatikana pamoja na vitu vingine wakati mafuta yalipochemshwa na kupasuliwa ili kupata petroli au gesi ya ethilini. Aliyetaka propilini nyingi alilazimika kungoja wengine watake petroli na ethilini nyingi. Basi wataalamu walitafuta njia ya kuipata moja kwa moja kutoka katika propani, gesi ile ile ambayo, ikichanganywa na butani, humo katika mitungi ya kupikia iuzwayo leo madukani Same.

Tofauti kati ya gesi hizo mbili ni ndogo kwa kuitazama. Molekuli ya propani ina kaboni 3 na haidrojeni 8. Ya propilini ina kaboni 3 na haidrojeni 6. Yatosha kuondoa haidrojeni 2. Lakini haidrojeni hizo zimeshikwa kwa nguvu. Kuziondoa kwahitaji joto la digrii 550 hata 650 za Selsiasi, na kila moli ya propani hunyonya kilojuli 124 za nishati. Hata hivyo propani haigeuki yote kwa safari moja. Joto likizidi, yageuka zaidi, na joto lilo hilo ndilo linaloharibu kichocheo. Hapo ndipo palipo ugumu wote wa kazi hii.

Mwaka 1933 Frey na Huppke, wataalamu wa kampuni ya Phillips katika Marekani, waliandika habari za kuondoa haidrojeni katika ethani, propani na butani kwa kichocheo cha oksidi ya kromiamu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili njia ya namna hiyo ilitumika kwa butani, kwa ajili ya petroli ya ndege na mpira. Baadaye ziliimarika njia mbili kubwa: moja ya kromiamu juu ya alumina, iitwayo Catofin, na nyingine ya platini na bati juu ya alumina, iitwayo Oleflex. Kiwanda cha kwanza cha Oleflex kilianza kazi Thailand mwaka 1990. Tangu 2013 viwanda vya namna zote mbili vimejengwa kwa wingi katika Uchina. Katika Marekani, gesi ya miamba ilifanya ethani kuwa rahisi, viwanda vikaacha kupasua mafuta mazito, na makombo ya propilini yakapungua. Hapo napo ikabidi propilini itafutwe katika propani.

KUFA NA KUFUFUKA KWA KICHOCHEO

Kichocheo ni kitu kinachoharakisha badiliko la kemia bila chenyewe kuliwa na badiliko hilo. Ndivyo visemavyo vitabu. Kiwandani mambo si safi hivyo, kwa kuwa kichocheo hufa, na hufa kwa njia tatu zilizo mbali mbali.

Njia ya kwanza ni masizi. Molekuli nyingine hupoteza haidrojeni zaidi ya ilivyotakiwa, hata ibakipo kaboni tupu inayofunika uso wa kichocheo. Katika Ugweno, ambako Washana walikuwa mabingwa wa kuyeyusha chuma, kaboni ya makaa ndiyo iliyofanya kazi: iliondoa oksijeni katika mchanga wa chuma. Katika kiwanda cha propilini kaboni ni adui, na oksijeni ya hewa ndiyo huitwa kuiondoa.

Njia ya pili ni kushikamana. Platini hutandazwa juu ya alumina katika punje ndogo mno, ili sehemu kubwa ya madini hayo ya thamani ikutane na gesi. Kwa joto kali punje hizo huhama, hukutana na kuwa punje kubwa. Madini hayakupotea, lakini uso wake umepungua. Bati hutiwa kwa sababu hii, na pia kwa kuwa hutenganisha atomi za platini, masizi yakakosa mahali pa kuota.

Njia ya tatu haina dawa. Baada ya mizunguko mingi, kromiamu huzama ndani ya alumina yenyewe na kuwa sehemu yake, isiweze tena kuigusa propani. Kichocheo cha namna hiyo hakina budi kutolewa na kutiwa kingine baada ya miaka michache. Na kukitupa kwataka hadhari, maana kromiamu ya namna fulani ni sumu.

Kwa msomaji ajuaye Upare, namna ya kuponya masizi yaweza kufahamika kwa mfano wa ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la kuchimbwa katika mteremko. Usiku mfereji huijaza. Mchana hufunguliwa, na maji hugawiwa mashambani kwa zamu. Kila maji yaingiapo huacha tope, na tope likizidi ndiva yashika maji machache. Ndipo watu huitwa katika msaragambo, yaani kazi ya pamoja, wakazoa tope lote. Ndiva haikuvunjwa wala haikujengwa nyingine. Imerudishiwa nafasi yake.

Kiwanda cha Catofin hufanya vivyo hivyo kwa haraka ya ajabu. Matangi kadhaa husimama pamoja. Moja hupitishwa propani kwa dakika chache. Kisha hufungwa, husafishwa kwa mvuke, na hewa ya moto huingizwa kuyachoma masizi, wakati tangi jingine limeshika zamu. Mzunguko wote haufiki nusu saa. Tena moto wa masizi yanayoungua huachwa ndani ya tangi, nao ndio unaotumiwa kuigeuza propani ya zamu inayofuata: taka imekuwa kuni.

Katika Oleflex kichocheo chenyewe ndicho kinachosafiri. Punje zake za mviringo hushuka polepole katika matangi, hutolewa chini, na kupelekwa mahali pa kuchomea masizi. Hapo hutiwa klorini, ambayo huitawanya tena platini iliyokuwa imeshikamana. Kisha hukaushwa, hupitishwa haidrojeni, na kurudishwa juu. Safari hiyo huchukua siku kadhaa. Katika miaka ya karibuni wataalamu wamejaribu kuifungia platini ndani ya matundu ya zeolaiti, ili punje zisiweze kuhama hata kwa joto kali, na kutumia galiamu pamoja na platini kupunguza masizi. Shabaha ya yote ni moja: zamu iwe ndefu, kufufua kuwe kwepesi, na uhai wa kichocheo uongezwe.

Siku moja ya ziada ya uhai huo hupunguza gharama ya propilini, na propilini rahisi ni kamba rahisi. Kwa hiyo uimara wa punje isiyozidi tembe ya dawa waingia katika hesabu ya mkulima wa mkonge, ingawa hajapata kuiona.

MANENO YA KAZI HII

Berzelius wa Sweden, alipotaka mwaka 1835 kuyapa jina mabadiliko ya namna hii, alichukua neno la Kiyunani lenye maana ya kufungua au kulegeza. Kiswahili kimekwenda njia nyingine. Kuchochea ni kusukuma kuni motoni, na kwa majazi ni kumtia mtu hamasa au fitina. Kichocheo ni kitendacho hayo. Picha ya Kiyunani ni ya fundo lililolegezwa. Ya Kiswahili ni ya moto uliosukumwa. Kwa propani picha zote mbili ni kweli. Hata hivyo neno la Kiswahili lina upungufu mmoja: moto uliochochewa hula kuni zake, na kichocheo cha kemia hakiliwi. Mwalimu atumiaye neno hili hana budi kulieleza jambo hilo mapema.

Neno la kukirudisha kichocheo kazini latatiza zaidi. Yako mawili yanayoshindana, kuhuisha na kufufua. La kwanza sasa limetwaliwa na kazi nyingine. Uhuishaji kwa wengi ni ufundi wa picha zinazokwenda. La pili ni zito, kwa kuwa hufufuliwa aliyekufa, na kichocheo kilichojaa masizi hakijafa kabisa. Lakini ni lile lile ambalo Watanzania wametumia kwa miaka mingi waliposema juu ya kufufua zao la mkonge na kufufua viwanda. Linaeleweka, na lina historia nchini. Yafaa basi kichocheo kifufuliwe, na neno kuzeeka libakie kwa kile kisichoweza kufufuliwa tena.

Mfano wa mwisho ni sandarusi. Katika karne ya 19 neno hili, lililotoka katika Kiarabu, lilikuwa jina la utomvu mgumu wa miti uliochimbwa pwani na kuuzwa Unguja, kisha kupelekwa Marekani na Ulaya kutengenezewa rangi ya kung'arisha. Biashara hiyo imekwisha. Leo mfuko wa sandarusi ni mfuko uliofumwa kwa nyuzi za plastiki, ambao kwa kawaida ni polipropilini, na ndio utiwao mahindi na mchele katika masoko ya Same mahali pa gunia. Wengine huuita salfeti, kwa ukumbusho wa mbolea iliyouzwa ndani yake. Kama vile mkonge wa porini ulivyoupa jina lake mkonge wa Meksiko, utomvu wa kale umekipa jina lake kitu kilichochukua mahali pa katani. Watu wameitambua polipropilini na kuipa jina zamani sana. Ambacho hawakupewa ni maelezo yake.

HALI YA SASA

Mkonge haukufa. Mbegu chotara namba 11648, iliyotokana na kituo cha utafiti cha Mlingano karibu na Tanga, hutoa majani mengi zaidi kuliko ule wa Hindorf. Huko Hale, katika mkoa wa Tanga, kiwanda kilichojengwa katika miaka ya 2000 kilionyesha kwamba mabaki ya jani, yale 96 katika 100 yaliyokuwa yakitupwa, yaweza kutoa gesi na umeme. Umoja wa Mataifa uliufanya mwaka 2009 kuwa mwaka wa nyuzi za asili, na tarehe 1 Juni 2019 Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Kutooza, iliyokuwa sifa kuu ya kamba mpya, kumekuwa ndiyo aibu yake.

Kwa upande mwingine Tanzania haina kiwanda cha kugeuza propani. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kutumika kwa biashara mwaka 2004, ni methani karibu yote, na propani ya mitungini huletwa kwa meli. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia watu 80 katika kila 100 ifikapo 2034. Mkakati huo ukifaulu, propani itaokoa miti ya Shengena isichomwe makaa. Na propani hiyo hiyo, katika viwanda vya mbali, itaendelea kushindana na mkonge wa Makanya. Gesi moja yaweza kuwa rafiki wa mlima na mshindani wa nyika.

Mambo haya yote yawezekana kufundishwa kwa Kiswahili, na maneno yake karibu yote yamekwisha kuwako: masizi, zamu, kufufua, kushikamana, tope la ndiva. Kazi iliyobaki ni kuyakusanya kwa utaratibu. Wazee waliofanya kazi katika korona wanazidi kupungua, na wasimamizi wa ndiva za Upare wa Kusini wana istilahi za Chasu na za Kiswahili ambazo kamusi hazijazipokea. Mtafiti atakayekwenda Makanya na Ndungu kwa kazi hiyo atapata zaidi ya orodha ya maneno. Atapata namna ambavyo watu wa kazi wenyewe hueleza jinsi chombo kinavyochoka na jinsi kinavyorudishiwa nguvu. Vitabu vya kemia vya shule zetu vyahitaji maelezo ya namna hiyo, nayo hayawezi kutungwa ofisini.